Mzee Asiyejibu Mpaka Aandike Kwanza

Ukimwambia kitu, hakujibu. Hilo ndilo la kwanza atakalokuambia kila aliyemfahamu, na wengi watalisema kwa kinyongo. Unamwambia kikao kimesogezwa hadi saa nane, anakuangalia. Anaingiza mkono kwenye koti, anatoa daftari la mistari, anatafuta kalamu katika mifuko yote mitatu ingawa kila siku ilikuwa kwenye mfuko uleule, anaandika, anasoma alichoandika, ndipo anainua macho na kusema, "Nilishapata." Kabla ya neno hilo hujamwambia kitu. Umesema, sawa, lakini hujamwambia.

Nilifanya naye kazi miaka mitatu huku Uswidi, mji wa Jakobsberg, meza yangu ikitazama mgongo wake, na kuna jambo nililomficha. Nitalieleza zamu yake ikifika. Kwa sasa ujue tu kwamba yeye alipoteza kazi na mimi nikabaki nayo, na kwamba aliyestahili kuondoka ni mimi. Nataka kumchora yeye, lakini siwezi kujifanya sikuwepo chumbani.

Jina lake silitaji, na ukoo wake haunihusu. Ofisini Waswidi walimwita kwa jina la kwanza, kama wanavyoitana wote hadi mkurugenzi. Mimi nimelelewa Morogoro, mdomo ulikataa. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, naye, baada ya kuliandika, alilikubali. Alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, mrefu, mwenye mvi za mbele tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kimechanganywa na Kifaransa kidogo palipohitaji uzito. Mimi aliniita dada.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, mwendo wa dakika tano kutoka stesheni ya treni. Kazi yetu ilikuwa kupeleka ujumbe wa zahanati. Zahanati inataka kumkumbusha mgonjwa siku yake ya kuonana na daktari. Mfumo wao unatutumia ujumbe, sisi tunaufikisha kwenye simu ya mgonjwa. Katikati ilikaa programu tuliyoiita broka. Broka hasomi ujumbe wala haubadilishi. Anaupokea kwa anayetuma, anauweka kwenye foleni, anampa anayepeleka. Mlinzi wa broka alikuwa Mzee, na mimi niliajiriwa kuwa msaidizi wa mlinzi.

Sasa, broka wetu aliandika kila ujumbe kwenye hifadhidata kabla ya kumjibu aliyetuma. Faida yake ni kwamba umeme ukikatika, kilichoandikwa kipo. Hasara yake ni kwamba kuandika kunachukua muda, na Jumatatu asubuhi zahanati zote zilituma kwa mkupuo. Hifadhidata ikielemewa, broka alifanya jambo moja lisilo na adabu: alinyamaza. Hakumjibu anayetuma, na anayetuma, kwa kuwa hajajibiwa, hakuweza kutuma mwingine. Alisimama tu na ujumbe wake mkononi. Sisi hali hiyo tuliiita kuwabana watumaji. Zahanati waliiita uzembe, na walipiga simu kusema hivyo.

Alinifundisha haya wiki yangu ya kwanza, kwa karatasi. Alinisimamisha mbele ya kabati la mafaili lenye droo inayokwama, akachukua rundo la karatasi tupu, akaniambia kila atakayonipa niifungie kwenye droo, halafu niseme nilishapata. Tano za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha akaongeza mwendo. Droo ikakwama, nikaanza kuzibana karatasi kwapani huku nikisema nilishapata, nilishapata, kwa haraka, nikijiona hodari. Alipoona kwapa limejaa akazima taa na kunipiga kibao kidogo begani. Karatasi zote zikamwagika.

"Umezimia," akasema gizani. "Zile za kwapani iko nani nazo sasa?"

Nikasema hakuna aliye nazo. Akasema naye hanazo, kwa sababu mimi nilimwambia nilishapata, na mtu akishaambiwa hivyo hutupa nakala yake akaenda zake. Akawasha taa. Tukaanza upya, na safari hii droo ilipokwama niliinua kiganja kumzuia, nikanyamaza. Yeye akasimama mbele yangu na karatasi yake. Alisimama robo saa nzima. Mswidi mmoja aliingia kuchukua kahawa, akatuangalia, akatoka bila kahawa.

"Bon," akasema mwishowe. "Mutu hajajibiwa, ujumbe iko yake bado. Akae nao."

Nilidhani hayo ni mambo ya mashine. Kumbe ndivyo alivyoishi. Kwetu salamu hupangwa: habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi inaendeleaje, na mwenzako anaitikia juu kwa juu wala hakuna anayesikiliza. Siku ya pili nilimmwagia zote kwa pumzi moja. Akainua kiganja. "Moja moja, dada." Akajibu za asubuhi. Akafikiri. Akajibu za nyumbani, na kumbe nyumbani kulikuwa na bomba linalovuja, akaniambia limeanza lini. Tulipofika kwenye kazi, kazi ilikuwa imeanza bila sisi. Tangu hapo nilimsalimia kwa kichwa.

Kilichomfurahisha zaidi katika nchi nzima ya Uswidi kilikuwa ile mashine ndogo mlangoni inayokupa karatasi ya namba, nummerlapp. Duka la dawa, benki, kaunta ya samaki, kote unachukua namba unasubiri kuitwa. Wageni wengi huiona kero. Yeye alisema ndicho kitu cha kwanza hapa kilichomwonyesha kwamba amepokelewa. Nimemwona kwa macho yangu akiingia duka la dawa lisilo na mteja hata mmoja, muuzaji akimtazama na kutabasamu, naye akaiendea mashine, akachukua namba, akaketi. Muuzaji alisita, kisha akabonyeza kitufe. Namba ikawaka ukutani. Mzee akasimama, akaenda kuhudumiwa. Wote wawili walionekana kuridhika sana. Zile karatasi hakuzitupa. Alizifanya alama za kurasa katika daftari.

Jumapili mchana, katika kitongoji cha Alby alikoishi, watu wa Kongo walikuwa na ibada ya Kiswahili katika ukumbi wa kukodi, na Warundi, Wakenya na sisi wachache wa Tanzania tulijipenyeza humo kwa ajili ya lugha na, tuseme ukweli, chakula. Mzee alikuwa msomaji wa matangazo. Alipokea sita. Anayeleta la saba aliambiwa akae nalo hadi Jumapili ijayo. Siku moja mama mmoja wa Uvira alileta la saba, la harusi ya binti yake, na harusi ilikuwa Jumamosi. Akamweleza kwamba Jumapili ijayo binti atakuwa ameshaolewa. Mzee akaliona tatizo. Akawasomea waumini majina ya wale sita, akauliza kwa upole ni nani angependa kumpisha mama. Hakuna aliyependa.

Yule mama hakubishana. Alitoka uani akatangaza mwenyewe, kwa sauti, na waliosikia wakawaambia wengine kwa simu. Jumamosi walikuja watu ambao hata majirani zao hawakuwa wamealikwa. Sombe, kisamvu cha Kikongo, iliisha kabla bwana harusi hajanawa mikono. Mzee alikuja na chakula chake kwenye kopo la plastiki, akala pembeni, na nadhani ni hilo kopo lililomkasirisha yule mama kuliko yote.

Usidhani alikuwa mtu wa subira, maana hapo ndipo aliponichosha kabisa. Kahawa aliinywa ikichemka, akaungua ulimi kila siku ya Mungu, na kila siku akashangaa. Treni ya kurudi mjini aliikimbilia hata kama ya pili ilikuwa nyuma yake, na akishapanda alisimama mlangoni vituo vitatu kabla ya kushuka. Na simu yake, ile ya vitufe, ilikuwa imejaa. Hakufuta ujumbe hata mmoja tangu ainunue, hivyo mpya haukuweza kuingia. Yeye ambaye kazi yake ilikuwa kufikisha ujumbe kwenye simu za wilaya nzima, ukitaka kumfikia ilibidi umpigie mkewe.

Mkewe alikuwa mcheshi, na nilipokwenda kwao Alby alinifungulia mlango akicheka tayari. Binti yao wa sekondari alimsemesha baba kwa Kiswidi, pappa hivi, pappa vile, akamwona anatafuta kalamu, akatoka chumbani. Mama akanikaribisha chai. Nikamuuliza anawezaje.

"Miaka makumi mbili na sita namuambia namupenda," akasema. "Anaandika."

Nikamuuliza, halafu anasemaje? Tukalisema pamoja lile neno lake, na Mzee aliyekuwa pale kwenye kiti akaendelea kusoma gazeti la bure la treni.

Lakini nilimuuliza, njiani kurudi stesheni, kama kweli kuandika kunatosha. Akasema hapana. Kupata ni kupata, kufanya ni kufanya. Anayesema nilishapata hajaahidi kwamba jambo limetendeka. Ameahidi tu kwamba halitapotea. Kulitenda ni kazi ya yule wa upande wa pili, naye huenda akachelewa. Alisema watu wanachanganya hayo mawili na ndiyo maana wanagombana. Mimi nilikuwa na baridi, nikasema ndiyo ndiyo, na sikuandika popote.

Sasa zamu yangu imefika.

Kibali changu cha kukaa kilifungwa kwenye kazi ile. Ukiipoteza, unapewa muda mfupi wa kupata nyingine, ukikosa unarudi kwenu. Nilikuwa nimewaaga Morogoro kwa sherehe. Kurudi na sanduku lilelile kulikuwa jambo nililoliota na kuamka nalo. Kibali kilikuwa kinakaribia kuisha, na mkataba wangu pia. Hapo ndipo mtu wetu wa mauzo, kijana mchangamfu, alipopata mteja mkubwa na kumwahidi mwendo ambao broka wetu hakuwa nao. Alinikuta jikoni. Akasema, huku akichagua biskuti, kwamba foleni isipochangamka, huenda kampuni haitahitaji walinzi wawili. Hakusema ni yupi hatahitajika. Mmoja alikuwa na miaka kumi pale, mwingine alikuwa mimi.

Kulikuwa na mstari mmoja kwenye mipangilio ya broka. Ukiubadilisha, broka anajibu nilishapata mara tu ujumbe ukimfikia, kisha anauandika baadaye kwa nafasi yake. Kwa maneno mengine, anabana kwapani. Mzee alikuwa amenionyesha mstari ule mwezi wangu wa kwanza, kama mtu anavyomwonyesha mgeni shimo lilipo.

Siku binti yake alipovaa kofia nyeupe ya kumaliza sekondari, Mzee alichukua likizo. Neno lake la siri lilikuwa kwenye jalada la mbele la daftari. Alinipa niliandike na mimi, kwa dharura. Nikaingia kwa jina lake. Nikabadilisha mstari. Watumaji hawakubanwa tena. Mchana ule hakuna zahanati iliyopiga simu, na mtu wa mauzo akaleta aiskrimu kwa ofisi nzima. Nilikula mbili.

Nilikusudia kumwambia Mzee Jumatatu. Jumatatu alikaa, akasikiliza simu zisizolia, akasema, "Kimya," akaandika kimya. Nilikuwa nyuma yake, hatua tatu. Sikusema. Jumanne nikasema nitasema Jumatano. Zilipita siku kumi na moja hivyo, na nilikuwa nalala vizuri tu.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, fundi umeme wa jengo alishuka chini kubadilisha kifaa cha ghorofa ya kwanza akazima cha ghorofa ya pili. Betri ya akiba, ambayo kazi yake ilikuwa siku hiyo moja tu, ilikuwa imekufa. Mashine zikazima. Fundi akaomba radhi kupitia ngazi, umeme ukarudi, tukawasha. Kilichoandikwa kwenye hifadhidata kilikuwepo. Kilichokuwa kwapani hakikuwepo, na zahanati walikuwa wameshatupa nakala zao kwa sababu tuliwaambia tumepata. Jumbe ngapi, za nani, hakuna aliyejua, maana hakuna palipoandikwa.

Tulikuja kujua kwa viti vitupu. Zahanati moja baada ya nyingine zilipiga simu kusema wagonjwa hawakuja. Wengi walipangiwa siku nyingine, basi. Lakini mwanamume mmoja aliyengoja upasuaji wa jicho kwa miezi minane hakuambiwa saa yake; daktari akamsubiri, akaita mwingine, na yule mwanamume akarudishwa mkiani mwa foleni. Simjui jina. Nimemfikiria kuliko ninavyowafikiria baadhi ya wajomba zangu.

Mzee aliuona mstari siku ileile. Aliurudisha kama ulivyokuwa, akanywa kahawa yake, akaungua ulimi.

Wakatuita. Mkuu wetu, mwanamke mtaratibu, aliweka karatasi mezani akauliza kwa upole, kama wanavyouliza huku hata jambo la kukuua, nani alibadilisha mstari, kwa sababu rekodi inaonyesha jina la Mzee. Mzee akatoa daftari. Akaandika swali. Kisha akafungua nyuma, ukurasa kwa ukurasa, siku zote kumi na mbili, akifuatisha kwa kidole, na zile karatasi za namba zikidondoka mezani. Nilikaa ubavuni pake na mikono nimeikalia. Sentensi yangu ilikuwa tayari kinywani, kwa Kiswidi, nilikuwa nimeitunga bafuni. Nilikuwa na wakati wa kutosha kuisema mara hamsini.

"Haimo humu," akasema Mzee kwa Kiswidi, akafunga daftari.

Mkuu akauliza kama anadhani kuna mtu mwingine aliyelijua neno lake la siri. Akaliandika swali hilo pia. Akasema hana alichoandika kuhusu hilo. Mkuu akanigeukia akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema hapana. Sina namna ya kulipamba. Niliogopa, nikasema hapana, na mkuu akatushukuru wote wawili kwa kuja.

Haikusemwa kamwe kwamba amefukuzwa. Ilisemwa kwamba kazi imepungua na kampuni inajipanga upya. Siku ya mwisho walimletea ile keki ya kijani wanayoleta kwa kila jambo, na mkoba wa mgongoni. Akaandika mkoba. "Nilishapata," akawaambia, na wakapiga makofi. Mimi alinipa funguo za kabati la mafaili, akaniambia mstari ule usiguswe. Nikasema sawa, Mzee. Kibali changu kilifika majuma mawili baadaye. Nilifungua bahasha nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi, na nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi hadi nikakaa chini.

Miaka minne sikumtafuta. Ibada ya Alby niliacha. Niliwaambia watu nimehamia Farsta na ni mbali, na kweli nilikuwa nimehamia Farsta. Mkewe alinipigia mara mbili, nikaiacha simu ilie. Lile neno nililotakiwa kulisema mezani nilikuwa nalo bado, zima, kwa Kiswidi na kwa Kiswahili. Nililisema nikiosha vyombo. Niliwahi kuliandika kwenye barua nikaitia mkobani, nikaibeba hadi ikachakaa.

Basi, asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilikwenda kupimwa damu kwenye maabara pale Farsta. Nikachukua namba: sabini na mbili. Ukutani ilikuwa hamsini na tisa. Nikatafuta kiti, na aliyeshika sabini na moja alikuwa yeye. Amekonda, mvi zimefika nyuma, mkoba wa kampuni uko mapajani. Akanitambua. Akatoa daftari, na nikaona ameandika jina langu na saa. Ndipo akasema, "Dada."

Alikuwa amelala kwa binti yake, anayeishi jirani sasa. Nilimuuliza kazi. Akasema alikaa bila kazi mwaka mmoja na nusu. Kwa sasa anapanga vitabu maktaba, nusu siku. Mama hajambo. Aliyajibu moja moja, kwa zamu, na safari hii niliyasikiliza. Namba ukutani ilikuwa sitini na tatu. Nikaona kwamba nisiposema hapa, sitasema.

Nikaanza, na vyote vikataka kutoka kwa pamoja: kibali, mtu wa mauzo, aiskrimu, mwanamume wa jicho, jinsi nilivyoikalia mikono. Akainua kiganja. Kile kile.

"Moja moja."

Nikavuta pumzi. Nikasema: ni mimi niliyebadilisha mstari ule, kwa neno lako la siri. Akaandika. Aliandika taratibu kuliko zamani. Akasoma. "Nilishapata."

Nikasema: kwenye kikao nilikuwa najua, nikanyamaza ili nisipoteze kibali. Akaandika. Mama mmoja mbele yetu alikuwa amegeuka, haelewi lugha lakini anaangalia. "Nilishapata."

Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Sikujua," akasema. "Nilidhani. Kudhani siandikake."

Ndiyo maana halikuwemo daftarini. Angeweza kusema pale mezani kwamba anadhani ni mimi, na wangemwamini, alikuwa na miaka kumi na mimi nilikuwa natoka jasho. Hakusema kwa sababu alikuwa hana uhakika. Nililia, wala sikujificha. Nikasema la tatu, ambalo ndilo nililokuwa nimelibeba muda wote. Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

Akashusha kalamu kwenye ukurasa. Akaiinua. Akageuza daftari, ulikuwa ukurasa wa mwisho, umejaa hadi kwenye pambizo. Akaangalia ndani ya jalada: limejaa. Akaangalia jalada la mbele, kuna neno la siri la kazi asiyokuwa nayo tena, alilolihamisha kutoka daftari la zamani, na namba za simu. Akatafuta kwenye mkoba akakuta karatasi za namba tu, ambazo ni ndogo mno. Nilimwambia si lazima aandike. Akanitazama kana kwamba nimemwambia si lazima avae viatu.

Ukutani ikawaka sabini na moja. Akasimama.

"Daftari imejaa, dada," akasema. "Huo kaa nao kwanza."

Akaingia ndani kutolewa damu. Mimi nikaitwa chumba kingine, na nilipotoka alikuwa ameshaondoka. Bila shaka alikuwa amekimbilia treni.

Nilikaa nao. Siku ya kwanza nilikasirika, nikasema moyoni huyu mtu ana roho ya chuma, mtu analia mbele yako wewe unatafuta nafasi ya kuandika. Siku ya pili nikakumbuka ile robo saa kwenye kabati la mafaili. Aliyeinua kiganja hajakataa. Angetaka kunituliza angesema nilishapata palepale, bila kuandika, kama alivyofanya broka wangu kwa siku kumi na mbili. Hilo halikunifanya nijisikie vizuri. Nilibaki na neno langu, nikaenda nalo kazini, nikarudi nalo.

Siku ya tisa nilikuwa Farsta Centrum, nimetoka kununua maziwa na mkate, simu ikatetemeka. Ujumbe, kutoka namba yake.

"Dada. Nilinunua daftari. Na hapa kwa simu nilifuta ujumbe moja, nafasi iko. Tuma tena."

Nilisimama pale mbele ya mlango wa duka, watu wakinipita. Nikavua glavu kwa meno. Nikaandika neno moja, nisamehe, nikatuma.

Kisha nikangoja. Kulikuwa na benchi, sikukaa. Dakika kumi zilipita, ishirini. Nilijua anatafuta kalamu katika mifuko mitatu. Nilijua pia kwamba kupata ni kupata na kufanya ni kufanya, na kwamba la pili huenda likachukua muda wake, na kwamba nitalisubiri. Baada ya dakika arobaini simu ilitetemeka tena.

"Nilishapata."

Nikausoma mara kadhaa, nikavaa glavu, nikachukua mfuko wangu nikaenda nyumbani.